Mhandisi wa umeme, mbona kiwanda cha chuma unakipita tu?

Wahitimu wa uhandisi wa umeme ninaokutana nao wana ndoto tatu zilezile: kampuni ya simu, mitambo ya sola, au kuandika programu kwenye chumba chenye kiyoyozi. Ukiwatajia kiwanda cha chuma wanakutazama kama umewatuma jela. Vichwani mwao chuma ni kazi ya watu wa makenika. Mtu wa umeme huitwa taa zikizimika. Ujana wangu mwingi nimeumalizia humo, na nasema wanajinyima.

Chukua tanuri la tao la umeme. Elektrodi tatu za grafiti, nene kama mapipa, moja kwa kila fezi, zinashushwa juu ya lundo la vyuma chakavu. Makumi ya maelfu ya ampea yanaruka hewani kati ya elektrodi na chuma, hilo ndilo tao, na kwenye nyuzi joto 1,600 hivi lundo lote linakuwa uji. Tani moja hula takriban kilowati-saa 400. Piga hesabu mwenyewe: tani 100 kwa dakika 40 ni megawati 60, kwenye chombo kimoja tu.

Na chombo chenyewe hakitulii. Mwanzoni vyuma vinaporomoka, vinagusa elektrodi, shoti. Sekunde ileile tao linakatika. Mfumo wa udhibiti hauna muda wa kufikiri: unanyanyua na kushusha elektrodi zenye uzito wa tani, bila kupumzika, huku gridi nzima ikiyumba na taa za majirani zikipepesa. Ndiyo maana pembeni ya tanuri hukosi kukuta vifaa vya kufidia umeme vinavyohitaji mtu wake. Baadaye mavi ya chuma (msicheke, ndilo jina la takataka zilizoyeyuka zinazoelea juu ya chuma) yanaumuka povu na kulifunika tao. Ngurumo inapungua, na mawimbi ya mkondo kwenye skrini yanakuwa laini. Mhandisi aliyezoea husikia kwa masikio kabla hajatazama skrini.

Ukitoka hapo nenda kwenye rola. Bamba lenye unene wa milimita 220 linaingia likiwa jekundu, na mwisho wa safari linatoka ukanda wa milimita 2, likikimbia zaidi ya mita 10 kwa sekunde. Kila jozi ya rola ina mota ya megawati kadhaa, na mota zote lazima zisikilizane. Ya mbele ikizidi kidogo, ukanda unavutika na kukonda. Ikizembea, ukanda unajikunja katikati.

Nimewahi kuona laini nzima ya nondo ikisimama kwa sababu ya kioo. Sensa inayotambua chuma cha moto ilikuwa imepata vumbi kwenye lenzi, ikashindwa kuona ncha ya chuma, na mkasi haukukata kwa wakati. Chuma chekundu kikaruka nje ya njia na kujisokota sakafuni kama uzi uliofumuka, mita kwa mita, kabla mtu hajafikia kitufe. Kwa muda wa saa mbili na ushee tulikata na kuvuta vipande. Programu ilikuwa haina kosa hata mstari mmoja. Aliyetuokoa ni fundi mmoja mzee na kitambaa chake.

Kwa nini nalisema hili sasa? Kwa sababu chuma kinahamia kwenye umeme. Dunia inazalisha karibu tani bilioni 1.9 kwa mwaka, na chini ya theluthi moja tu inapita kwenye matao ya umeme. Kilichobaki kwa sehemu kubwa kinatoka kwenye matanuri ya makaa, yanayomwaga kaboni kwa wingi. Huko Port Talbot, Uingereza, tanuri la mwisho la makaa lilizimwa Septemba 2024 ili kupisha tanuri la umeme. Uswidi, mradi wa HYBRIT unaondoa oksijeni kwenye madini kwa haidrojeni badala ya makaa, na haidrojeni hiyo inatengenezwa kwa umeme. Marekani walishahamia zamani. Kila hatua ya namna hii inadai transfoma, ulinzi wa umeme na mifumo ya udhibiti. Kuna na usalama wa mitandao: mwaka 2014 mamlaka ya Ujerumani iliripoti kwamba wadukuzi waliingia kwenye mifumo ya kiwanda cha chuma, na tanuri likashindwa kuzimwa inavyotakiwa.

Sitakudanganya lakini. Mabadiliko ya Port Talbot yalifuta maelfu ya ajira, kwa hiyo umeme hauleti neema kwa kila mtu. Zamu za usiku zipo, vumbi lipo, na simu ya saa tisa usiku utaizoea. Halafu wanaojua PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo) peke yake wamejaa tele. Adimu ni yule anayejua PLC, mota na nini kinakipata chuma chenyewe. Mtu huyo hatengenezwi ofisini. Ukipata nafasi, omba matengenezo kwanza, zamu kabisa, miaka miwili mitatu; michoro na miradi itakukuta hukohuko. Wazee wanaojua mota za zamani za umeme mnyoofu (DC) wanastaafu, na kadi zake za udhibiti hazitengenezwi tena, hivyo kazi ya kuzibadilisha ipo.

Nikimsaili kijana simuulizi ametumia PLC ya kampuni gani. Namchorea jozi mbili za rola na ukanda kati yake, namwambia: ya pili imeongeza kasi kwa asilimia moja, nini kitatokea? Wengi huanza kunieleza programu. Mmoja aliutazama mchoro kitambo, akaniuliza ukanda una joto kiasi gani pale katikati. Nikafunga daftari. Jumatatu alianza kazi.