Nimeomba Bia, Sijaomba Mtihani

Hivi ni nani aliyekaa kikao akapitisha kwamba sisi wanywaji wa kawaida tumestarehe mno, tusumbuliwe kidogo? Maana siku hizi huwezi kufika kaunta ukasema "nipe bia" halafu ukaletewa bia. Thubutu! Utahojiwa kwanza. Nyeusi, ya ukungu, chachu, au ya moshi? Iliyolazwa kwenye pipa la wiski au ambayo haikulazwa? Mtu umetoka kazini, kiatu kinabana, bosi kakukoromea tangu asubuhi, na hapo napo unakuta usaili.

Ubaoni ndiyo balaa kabisa. Nimesoma kwa macho yangu mawili bia inayosifiwa kwamba inanukia blanketi la farasi. Nikadhani mwandishi wa ubao amelewa. Shemeji yangu, ambaye siku hizi ni profesa wa bia bila kupita chuo chochote, akanielimisha kwa ule upole wake wa kuudhi: "Hiyo ni sifa, shemeji. Inatokana na hamira ya mwituni, Brettanomyces." Haya. Wabelgiji wanaivumilia hamira hiyo tangu enzi, na utamaduni wao wa bia uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi mwaka 2016, kwa hiyo sina ugomvi nao. Lakini mimi farasi mwenyewe sijawahi kumkaribia, sembuse blanketi lake. Nitajuaje kama nimeletewa yenyewe au nimebambikiwa blanketi la punda?

Na vyombo, jamani! Huko Ubelgiji karibu kila bia ina glasi yake, na kuipata kwenye glasi ya jirani ni aibu. Kuna moja inaitwa Kwak, glasi yake ina kitako cha mviringo, haisimami, lazima ishikiliwe na kibao cha mti. Nani alichora kitu hicho akaridhika? Halafu mjini Ghent kuna baa, Dulle Griet, ukiagiza ile glasi yao kubwa ya zaidi ya lita moja unavua kiatu kimoja unaweka rehani. Kiatu kinatiwa kwenye kikapu, kikapu kinavutwa kwa kamba hadi darini, watu wote wanakitazama kinavyopaa. Ukirudisha glasi salama, kinashushwa. Wamechoka kuibiwa, nawaelewa. Ila mwenye soksi iliyotoboka, hapo ameshakwisha.

Sasa vuka bahari uende Vermont, Marekani. Kuna bia inaitwa Heady Topper, kopo lake limechapishwa amri: kunywa humu humu kwenye kopo. Kwa hiyo nishike lipi? Mmoja ananivua kiatu kwa ajili ya glasi, mwingine glasi hataki hata kuiona.

Na ni hao hao wa Vermont waliosambaza huu ugonjwa wa bia ya ukungu. Kabla yao viwanda vidogo vya Marekani vilikuwa kwenye mashindano ya uchungu. Vilijaza hopsi, yale maua yanayoleta uchungu, mpaka uso ukikunjamana haukunjuki, na uchungu wenyewe ukawa unaandikwa kwa namba kwenye chupa ili mtu ajue ameumia kiasi gani. Tukajizoeza. Tukajifunza kusema "mh, hii safi" huku machozi yanalenga. Tulipokwisha kuzoea tu, wakageuza gari: sasa uchungu ni ushamba, bia inatakiwa iwe laini, nzito, inanukia matunda, na ukiitazama huoni upande wa pili. Kwa nini hawakuanzia hapo?

Ukinung'unika hivyo hakosekani mzee wa pembeni wa kukuunga mkono. "Mwanangu, bia ni ile ya asili. Ya dhahabu, inang'aa, povu jeupe juu." Shemeji hakumwacha hata amalize. Kumbe hiyo asili ya mzee ina tarehe ya kuzaliwa: 1842, mji wa Plzeň, Bohemia, Cheki ya leo. Kabla ya hapo bia nyingi duniani zilikuwa nyeusi nyeusi na zimevurugika, mnywaji hajui anameza nini. Na chanzo chake, sikiliza hii, ni manung'uniko. Wenye mji walichoshwa na bia mbovu, mwaka 1838 wakamwaga mapipa 36 mbele ya ukumbi wa mji. Mbele ya ofisi, mchana kweupe! Kisha wakajenga kiwanda kipya, wakamleta Josef Groll kutoka Bavaria, akatumia kimea kilichokaushwa taratibu kisiungue, maji laini ya pale, na uchachushaji wa baridi wa kwao. Ikatoka dhahabu.

Hao ndio watu wangu. Walilalamika wakajengewa kiwanda. Mimi nikilalamika naambiwa nijaribu ya pasheni.

Nilipoona mzee kanyamaza nikamtetea kwa Wajerumani. Si kuna sheria ya Bavaria ya mwaka 1516, kwamba bia ni shayiri, hopsi na maji, basi? Hamira haikutajwa. Sheria hiyo viwanda vinaitamba mpaka leo, unaikuta kwenye lebo kwa maandishi ya mapambo. Shemeji akatoa simu, akaniwekea maneno yake mbele ya pua. Ndugu zangu, ile sheria inaanza na bei! Kipindi cha baridi, kipimo cha takriban lita moja kisizidi pfenigi moja, sarafu ndogo ya kwao, na kiangazi kisizidi mbili. Watawala walikaa, wakaandika bei ya bia, wakatia mhuri. Mbona kipengele hicho hakijachapishwa kwenye lebo? Maji wanayakumbuka, shayiri wanaikumbuka, ila pale pa kumlinda mnywaji wino umekauka. Nikamwita mhudumu nimwonyeshe. Akasema atampelekea meneja.

Waingereza nao hawakukaa kimya, tuwape haki yao. Mwaka 1971 wanaume wanne wakiwa likizo Ireland walikerwa na bia iliyochujwa, iliyouliwa hamira yake na kusukumwa kwa gesi, wakaanzisha chama, CAMRA, cha kuitetea bia inayomalizia kuchacha pipani, chini kwenye ghala la baa. Chama kikapata wanachama maelfu kwa maelfu. Wanne tu, na walikuwa mapumzikoni.

Sisi tunaolalamika leo hatujui hata tumlalamikie nani. Friji imejaa lebo za kila rangi, mafuvu, bundi, masharubu, unaona kabisa ni waasi watupu, kumbe kadhaa zinalala kitanda kimoja. Mwaka 2016 kampuni kubwa ya bia, AB InBev, iliinunua kubwa mwenzake, SABMiller, kwa zaidi ya dola bilioni 100. Ukisusia bundi ukahamia kwenye fuvu, huenda umemsusia mtu kwa mkono wa kulia na kumlipa kwa wa kushoto. Shemeji alipogundua kwamba kiwanda chake kidogo cha kishujaa kilishauzwa kitambo, alikaa kimya jioni nzima. Nilifurahi, sitaki kuficha.

Kuna na ile ya sifuri, isiyo na kileo. Hiyo nyingine wanaipika ikawa bia kamili, halafu wanaingia gharama ya mashine kutoa kitu pekee kilichonitoa nyumbani. Mke wangu ameinunua. Anasema inafanana kabisa na yenyewe. Nimemwambia na picha ya mshahara inafanana.

Shemeji sasa ameamua kupika yake, na maabara ni stoo yangu. Ndoo ina kimfereji juu, inabubujika usiku blup, blup, mpaka mtoto anauliza nani anaoga. Ameshaonywa kwamba ukiwahi kuziba chupa kabla hamira haijamaliza sukari, gesi inajaa na chupa zinapasuka. Akaziba. Juzi nyingine zimelipuka, nguo zetu zinanuka kimea, naye ananiambia hiyo ni "tabia ya kienyeji ya bia hai." Ameniletea iliyosalia nionje, kaimimina kwenye glasi za mke wangu za wageni. Nimemwambia avue kiatu kwanza.