Pikapu ya kazi kisiwani: usianze na tani

Kila anayetaka pikapu ya kazi hapa Unguja huanza na swali lile lile: inavuta tani ngapi? Mimi swali hilo naliweka nyuma. Kwanza nataka kujua gari itasimama vipi na mzigo wake, mgongoni itabeba kiasi gani huku inavuta, na chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, itaishi miaka mingapi na chumvi yetu hii.

Hilux, D-Max na Ranger za siku hizi zinasifiwa kuvuta kilo 3,500. Ni kweli, lakini kwa tela lenye breki zake lenyewe. Tela lisilo na breki, mtengenezaji yule yule anakwambia mwisho kilo 750. Sasa nenda Nungwi ukatazame matela ya boti yaliyochomelewa mtaani, uniambie ni mangapi yana breki.

Halafu ipo hesabu ambayo muuzaji haitaji. Gari na tela kwa pamoja vina ukomo wake wa uzito, na kwa pikapu za aina hii ni karibu tani 6. Gari tupu ina tani 2 na ushei. Funga tela la tani 3 na nusu, kilichobaki hakifiki hata nusu tani, na humo mna dereva, mafuta ya tangi, injini ya boti, nyavu na vijana waliorukia nyuma bila kuulizwa. Tela nalo linaiegemea gari: kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake inatakiwa ikae kwenye kichuma cha kuvutia. Ikipungua sana, tela linayumba barabarani. Ikizidi, mbele ya gari kunakuwa kwepesi na usukani haushiki. Boti ikipakiwa huku injini nzito inaning'inia nyuma kabisa ya tela, ndipo yale mayumbo yanapoanza.

Wapo wanaotamani F-350 au Ram 3500, zile zenye tairi nne nyuma. Sizidharau, zinavuta mara mbili ya Hilux na zaidi. Lakini usukani uko kushoto na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kulipita lori lililo mbele yako unategemea macho ya aliyekaa pembeni. Upana wake unazidi mita 2 kabla hujahesabu vioo. Ipitishe Darajani jioni, halafu tuzungumze. Dizeli zake mpya nazo zinataka mafuta yenye salfa kidogo sana na maji maalumu ya kusafishia moshi, na kifaa kimoja kikigoma utangoja spea kutoka ng'ambo huku boti iko juu ya mawe.

Chaguo langu ni Land Cruiser 79, kebini moja, yenye injini ya 1HZ: lita 4.2, silinda sita, haina turbo. Kwenye karatasi inashindwa vibaya. Nguvu yake ya kuzungusha ni Nm 285, wakati Hilux ya 2.8 ya otomatiki inafika 500. Kupanda mlima ni mzee anayepanda ngazi, sitoficha. Ila chesisi yake ni nzito, nyuma ina springi za vyuma vya tabaka, pampu ya dizeli haina kompyuta, na uzito wa gari wenyewe unasaidia isisukumwe na tela. Bei yake ndiyo inayoumiza.

Kama mfuko haufiki, chukua Hilux au D-Max, lakini kebini moja. Dabo kebini, ile yenye viti vya nyuma, ni gari ya harusi. Bodi lake ni fupi, na mzigo mwingi unaangukia nyuma ya ekseli badala ya kukaa juu yake. Na kama kazi yako ni mchanga na matofali tu, bila tela, achana na pikapu, nunua Canter, lile lori dogo.

Pemba ina sheria zake. Ukitoka bandarini Mkoani unaanza kupanda, na Chake hadi Wete ni vilima juu ya vilima. Watu huogopa mpando. Mie naogopa mteremko. Ukishuka na kokoto kwa kukanyaga breki tu, zinapata moto na mguu unazama. Weka gia ndogo ukiwa bado kileleni, kabla hujaanza kuteremka. Msimu wa karafuu usikudanganye: gunia la karafuu kavu halihitaji gari kubwa. Vinavyohitaji gari kubwa ni mawe na saruji.

Kutu sasa. Magunia ya mwani mbichi wa Paje na Jambiani yanachuruzika maji ya chumvi ndani ya bodi na kuingia kwenye mikunjo ya chesisi, pahala ambapo mpira wa maji haufiki kirahisi. Gari nyingine huja na kutu yake tangu Japani, maana kaskazini kule barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji. Kabla ya kununua lala chini na nyundo ndogo, ugonge chesisi. Rangi nyeusi mpya huko chini si dalili njema.

Beringi za tela ndizo zinazosahauliwa kuliko vyote. Tela likifika pwani limetoka mbio, beringi zina moto. Ukilitumbukiza baharini papo hapo, hewa ya ndani inapoa na kusinyaa, inavuta maji ya chumvi mle mle kwenye grisi. Ngoja kitovu cha gurudumu kipoe, hasa maji ya bamvua yakiwa bado yanajaa na una muda. Gari yenyewe iache kwenye mchanga mgumu, ushushe tela kwa kamba ndefu.

Pesa utakayookoa kwa kutonunua dabo kebini, mpelekee fundi akufungie breki kwenye tela, na hendibreki yake pia, ili usitafute tena jiwe la kukingia tairi.