Kunyamazisha jeni: kibahasha cha mafuta au kipande cha sukari?

Juzi nimekaa duka la dawa la jamaa yangu Mwenge, umeme ukakatika, yeye hata tochi hakutafuta, kakimbilia friji kasimama mlangoni mtu asifungue. Hapo ndo nikaona mjadala wetu wa kijiweni kuhusu dawa za kunyamazisha jeni unasahau kitu, maana mmoja anasema ni ukombozi mwingine anasema mambo ya matajiri.

Iko hivi, RNA, yaani ndugu wa DNA, ikiwa fupi na ikaingia kwenye seli inazuia jeni fulani isitoe protini yake. Wanasayansi Fire na Mello waliligundua hilo kwenye minyoo 1998, Nobel wakabeba 2006, ila dawa ya kwanza, Onpattro ya ugonjwa wa kurithi unaoharibu neva, Marekani waliipitisha 2018. Miaka 20! Shida kubwa ilikuwa usafiri, RNA tupu ukiichoma kwenye damu inakatwakatwa fasta. Ndo wakaivika mafuta, kama kachori vile, ila chini ya nanomita 100. Mafuta yenyewe ni mjanja, kwenye damu yametulia, seli ikishayameza yakakutana na asidi yanapata chaji, yanatoboa kifuko ambacho seli imeyamezea, RNA itoke. Na bado inayotoka ni asilimia chache tu, nyingine zote zinafia getini.

Wanaoyatetea wana hoja, RNA ndefu za chanjo za korona zilipanda gari hilihili, mzigo ule huwezi kuupachika kwenye kitu kidogo. Lakini Onpattro ni dripu kila wiki 3, kabla yake unamezeshwa na kuchomwa dawa za kuzuia mwili usicharuke, halafu mafuta yenyewe mengi yanaishia kwenye ini.

Sasa kama unaenda kwenye ini tu, gari la nini? Siku hizi RNA inabandikwa kipande cha sukari ambacho ini linakidaka lenyewe, unachomwa chini ya ngozi basi. Vutrisiran ni ya ugonjwa uleule wa Onpattro, kila miezi 3, inclisiran ya kolesteroli mara 2 kwa mwaka ukishamaliza dozi za mwanzo. Kwa ini mimi nasema mafuta yameshapitwa, wabaki nayo kwenye chanjo na huko kwingine ambako sukari haifiki.

Jamaa yangu nilipomwelezea haya yote aliuliza mawili tu, zinataka friji, na bei gani. La friji nikamjibu, hizi mbili za sukari hazilazimishi, ila Onpattro inataka.