Nimehama mkoa bila kubeba hata kijiko

Jamani mi nauliza tu, hivi mtu anaweza kuhama mkoa akiwa amelala? Maana mi nimezaliwa Mbozi 1979, mkoa wa Mbeya, nyumba ileile, mparachichi uleule, halafu 2016 naamka naambiwa niko mkoa wa Songwe, sijafunga begi, sijaaga mtu, sijakata hata tiketi.

Juzi nimeenda kujaza fomu, dada wa dirishani ananiuliza mkoa wa kuzaliwa, nikasema Mbeya, wilaya? Mbozi, akabonyeza weee kompyuta ikagoma. "Baba, Mbozi haipo Mbeya." Haya basi andika Songwe. "Sasa mbona cheti chako kinasema Mbeya?" Mi nifanyeje sasa, nikazaliwe upya? Na huo mkoa wenyewe nimeuzidi miaka 37, kwa adabu zetu ulitakiwa uanze na shikamoo ndo uniulize maswali.

Afadhali hata mimi, kuna mama. Yeye kazaliwa enzi za mkoloni, mikoa hakuna, kuna majimbo, huku kwetu likiitwa Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, 1963 majimbo yakatupwa ikaja mikoa bi mkubwa akawa mtu wa Mbeya. Kitinda mimba wangu kazaliwa 2017, Songwe. Kwahiyo nyumba moja, sufuria moja ya ugali, kila mtu kazaliwa kwake, na hakuna aliyewahi kuhamisha hata banda la kuku.

Halafu shemeji wa Dar kapanda ndege, ananipigia, "shem nimeshatua Songwe, toka nje unipokee." Namwambia shem hapo uko Mbeya. "Acha utani, bango hili hapa naliona!" Ndo hivyo, uwanja wa ndege wa Songwe uko Mbeya, wilaya ya Songwe iko mkoa wa Songwe, ila makao makuu ya mkoa hayako wilaya ya Songwe, yako huku kwetu Vwawa, Mbozi. Nilivyomaliza kumweleza salio likakata. Watu wa Manyara watanielewa, wao walikatwa kutoka Arusha 2002 wakapewa na jina la ziwa kabisa, ila geti la Hifadhi ya Ziwa Manyara likabaki Arusha.

Sasa wiki iliyopita dogo kaja na homuweki, baba Tanzania ina mikoa mingapi? Nikajibu kwa kifua, 25! Ishirini bara, mitano visiwani, tuliikariri kwa fimbo hiyo, haitoki. Karudi na kosa jekundu linakaribia kutoboa daftari, iko 31. Yaani Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zote zimeingia 2012 mi niko shamba napalilia kahawa, hakuna hata aliyenishtua.

Leo kaja na swali la wilaya. Nimemwambia nenda kwa bibi yako, na huko ndani namsikia bibi keshaanza, "andika mjukuu wangu, sisi ni Jimbo la..."