Tairi chakavu: mali iko kwenye unga mweusi

Tani moja ya tairi chakavu ikiokwa bila hewa, kwenye joto la nyuzi 450 hadi 550 hivi, hutoa takriban kilo 400 za mafuta, kilo 350 za unga mweusi, kilo 100 hadi 150 za chuma, na kinachobaki ni gesi. Wengi wanaoanzisha kazi hii huyakimbilia mafuta kwa sababu hupata mnunuzi upesi. Nadhani hapo ndipo hasara inapoanzia. Mafuta hayo yana salfa ya takriban asilimia 1, yananuka, na hushika moto kwa urahisi kwa sababu yamebeba vimiminika vyepesi. Ukiyauza kama kuni za viwandani, umehamisha tu moshi kutoka mahali pamoja hadi pengine. Mali ni ule unga.

Masizi mapya ya viwandani, yale yanayoupa mpira wa tairi weusi na uimara, hutengenezwa kwa kuunguza mafuta mazito, na kila tani moja hula zaidi ya tani moja na nusu ya mafuta hayo. Tairi imekwisha kuyabeba: kati ya robo na theluthi ya uzito wake ni masizi, nayo ndiyo yanayobaki ndani ya ule unga. Kuyarudisha kiwandani yakiwa na ubora wa kuaminika ni kazi yenye maana kuliko kuchemsha tairi ili kupata kitu cha kuchoma.

Ila unga unaotoka kwenye tanuri bado si masizi. Una majivu ya asilimia 15 hadi 20, wakati masizi mapya hayafikishi hata asilimia 1. Majivu hayo hasa ni zinki na silika (madini ya jamii ya mchanga), na hakuna moto wa kuyaondoa. Kwa hiyo ubora huamuliwa kwenye lundo la tairi, kabla tanuri halijawashwa. Tairi za magari madogo za miaka ya karibuni zina silika nyingi. Za malori zina mpira asilia mwingi na silika kidogo. Ukizichanganya ovyo, leo unga una majivu ya asilimia 15, kesho 20, na mnunuzi hawezi kupanga mchanganyiko wake. Tenga malori peke yake, magari madogo peke yake, na mipira ya ndani iweke kando kabisa kwa sababu ni mpira wa aina nyingine. Osha matope pia, maana mchanga nao ni majivu.

Baada ya hapo ng'oa waya wa ukingoni, ule mnene unaoikaza tairi kwenye rimu. Ukiuacha, visu vya mashine ya kukatia hubutuka mapema. Kata vipande vya sentimita 2 hadi 5. Tairi nzima haifai kutiwa tanurini, kwani mpira haupitishi joto vizuri: nje huiva, katikati hubaki mbichi, na unga wake hutoka na lami.

Kipimo cha kuugundua unga mbichi ni rahisi. Loweka kidogo kwenye tolueni, kiyeyushi kinachotoa mafuta kwenye unga, tikisa, chuja, kisha itazame chupa kwenye mwanga. Ikiwa kimiminika kimebaki cheupe kama maji, umeiva. Kikiwa cha njano, au chenye rangi ya chai, kuna mafuta ndani, na bidhaa ya mpira itakayotengenezwa kwa unga huo itanuka na kuchafua kila inachokigusa.

Makosa mabaya zaidi hutokea mwishoni. Unga wa moto ukikutana na hewa huwaka wenyewe. Mlango ukifunguliwa kwa haraka ili mzigo wa pili uingie, unga unaungua juu na majivu yanapanda. Mvuke wa mafuta uliobaki ndani nao unaweza kulipuka na kuua mtu. Upoze ndani ya naitrojeni, gesi isiyowasha moto, mpaka uweze kuugusa kwa mkono, hata kama itachukua saa nyingi. Kagua pia bomba la mvuke kila baada ya mzigo, kwa sababu lami huganda humo na shinikizo hupanda taratibu bila mtu kujua. Gesi irudishwe kwenye kichomeo cha tanuri hilohilo.

Kinachofuata ni sumaku ya kuondoa nyuzi za chuma, kisha kusaga mpaka chembe ziwe za maikroni chache. Chembe moja kubwa huwa mwanzo wa ufa kwenye mpira. Unga hufinyangwa kuwa punje kwa maji na gundi kidogo, ukakaushwa, ili usipeperuke kwenye mapafu ya wafanyakazi.

Usimwahidi mnunuzi kwamba unga huu utachukua nafasi ya masizi mapya yote. Unafaa kwa mikanda ya kubebea mizigo, mabomba, vikanyagio na sehemu za tairi zisizosuguana na barabara, mara nyingi ukichanganywa na masizi mapya. Kila gunia lipewe namba ya mzigo na vipimo vyake vya majivu, tolueni na ukubwa wa chembe. Mzigo uliofeli kwa tolueni usiufiche ndani ya mzuri; urudishe tanurini uokwe tena.