Viti vitatu stoo, mama mgongoni

Nilimkuta jirani yangu kwenye ngazi za zahanati amembeba mama yake mgongoni. Mama alikuwa amemkumbatia mwanawe shingoni kwa mkono mmoja, ule mwingine unaning'inia tu. Kiatu cha mguu wa kushoto kilikuwa kimechomoka kisiginoni, kimebaki kushikiliwa na kidole gumba. Nikainama, nikamvisha vizuri, nikamwamkia. Kisha nikamuuliza jirani, hali hii tangu lini?

"Mwezi wa nne huu jirani. Tangu apate kiharusi."

Miezi minne. Na mimi ni mwanachama wa klabu ya kujitolea yenye stoo hatua mia tatu kutoka mlangoni kwake, na ndani ya stoo hiyo kuna viti vitatu vya magurudumu. Kimoja bado kina nailoni kwenye sehemu za kushikia. Tulivichangia kwa jasho, tukaviandika kwenye daftari, tukavifunikia turubai visipigwe vumbi. Vipo kwa ajili ya kuazimwa bure na mtu yeyote mwenye mgonjwa nyumbani.

Nikamwambia, lakini si ungekuja klabuni kwetu ukaazima kiti. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za nchi ya mbali. "Klabu gani?" Nikamweleza. Akafikiri, akasema, "Aa, nyinyi wa vizibao vya njano. Mimi najua mnafagia barabara."

Kiti kilifika kwake jioni ile ile. Ila tangu siku hiyo moyo haujatulia, kwa sababu jirani hakuwa na kosa lolote. Hakuna mahali popote katika mtaa huu palipoandikwa kwamba tunaazimisha viti.

Nikapeleka hoja kwenye mkutano: tujitangaze. Tuweke karatasi zahanati, tuweke namba ya simu mlangoni mwa stoo, tuseme wazi tunafanya nini na mtu atupate vipi. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, aliyeijenga klabu hii kabla baadhi yetu hatujamaliza shule, akasimama akasema maneno manne: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Vichwa vikatikisika vya kukubali. Mwingine akaongeza, tenda wema nenda zako. Hoja ikaahirishwa.

Wazee wangu, nawapenda, lakini kwa hili naomba nibishe mpaka mwisho. Kiti cha magurudumu kilichofunikwa turubai hakijiuzi. Hakina miguu ya kwenda kumtafuta mama mwenye kiharusi. Na hiyo methali ya kutenda wema inamkataza mtu kungoja shukrani, haimwambii afiche wema wenyewe. Mtu wa kwenye methali anatenda kwanza, ndipo anakwenda zake. Sisi kwa yule mama tulikwenda zetu kabla ya kutenda.

Kuna mfano ambao kila mwanachama wa klabu ya aina yetu angeujua, nadhani tusingebishana. Fimbo nyeupe ya wasioona. Mwaka 1921 huko Bristol, Uingereza, mpiga picha aitwaye James Biggs alipoteza uwezo wa kuona kwa ajali. Magari yalimtia hofu, akaipaka fimbo yake rangi nyeupe ili madereva waione. Wazo zuri kabisa. Lakini kwa miaka karibu kumi lilibaki wazo la watu wachache, kwa sababu dereva asiyejua maana ya fimbo nyeupe anaona fimbo tu.

Mwaka 1930, ng'ambo ya bahari, katika mji wa Peoria jimboni Illinois, George Bonham aliyekuwa rais wa klabu ya Lions, klabu ya kujitolea kama yetu, alimwona mtu asiyeona anahangaika kuvuka barabara kwa fimbo nyeusi, madereva hata hawaitambui. Klabu yake ikapaka fimbo rangi nyeupe na kuzigawa. Wangeishia hapo, wangekuwa wametenda wema wakaenda zao. Hawakuishia hapo. Walikwenda kwa watawala wa mji, na kabla mwaka haujaisha Peoria ikawa na sheria inayompa mwenye fimbo nyeupe haki ya kupita kwanza. Mwaka uliofuata, 1931, mwanamke aitwaye Guilly d'Herbemont akaanzisha kampeni kama hiyo Ufaransa, magazeti yakaiandika, na klabu za Rotary za Uingereza, nazo za kujitolea, zikaibeba nchini kwao, nchi ile ile ya Biggs.

Rangi ile inagharimu kidogo sana. Kinachomvusha mtu barabara salama ni kwamba yule dereva, ambaye hamjui wala hajawahi kuhudhuria mkutano wa klabu yoyote, anajua maana yake. Huduma yenyewe ndiyo kujulikana. Ukiondoa kujulikana, umempa mtu kipande cha mti. Kiti chetu ni hivyo hivyo, na magongo yetu, na ile orodha ya wachangia damu tunayoihifadhi kwa uaminifu mkubwa kwenye simu ya katibu peke yake.

Hata ile kazi kubwa ya polio, ambayo Rotary iliianza rasmi mwaka 1985 na ambayo imesaidia kupunguza ugonjwa huo duniani kwa zaidi ya asilimia 99 tangu 1988, haikufanyika kimya kimya. Watu walipita nyumba kwa nyumba wakitangaza. Chanjo iliyolala kwenye kisanduku cha barafu haijamkinga mtoto yeyote.

Sasa nijue kukubali panapostahili. Wanaoogopa kujitangaza wana jambo moja la kweli, nami nimelishuhudia. Tuliwahi kugawa miwani, mtu akaja na kamera. Bibi mmoja alitakiwa avae, avue, avae tena, kwa sababu picha ya kwanza bango la klabu halikuonekana vizuri. Alikuwa ndiyo kwanza ameiona sura ya mjukuu wake bila ukungu, anataka kumtazama, na sisi tunamgeuza kidevu aangalie kamera. Niliona aibu siku hiyo na naiona mpaka leo. Ile picha iliwekwa kwenye kurasa zetu, ikasifiwa na wanachama wenyewe kwa wenyewe, na haikuwa na namba ya simu. Mtu mwingine mwenye macho mabovu angeiona asingejua aende wapi wala aje siku gani.

Kwa hiyo ndiyo, kuna kujitangaza kunakovunja utu wa mtu, na tukuache kabisa. Usimpige picha anayepokea. Piga picha kiti. Piga picha mlango wa stoo, funguo, anayezishika, saa anazokuwepo. Andika "tunaazimisha viti vya magurudumu bure, piga namba hii", kwa herufi za kusomeka na mtu aliyesimama foleni amechoka. Zile hundi za ubao tunazozishika watu kumi na wawili tukitabasamu, sioni zinamwambia nini mgonjwa.

Lugha yetu nayo tuiangalie. Kwenye vipeperushi tumeandika "tunawezesha jamii". Mtu mwenye mama aliyepooza hatafuti kuwezeshwa, anatafuta kiti.

Na mikutano. Kila mwaka tunalalamika vijana hawajiungi. Mkutano wetu uko wazi kwa mgeni yeyote, katiba inasema hivyo, lakini siku na saa vinajulikana kwa waliomo kwenye kundi la simu tu. Kijana atatujia kwa ndoto?

Naambiwa tukijulikana tutazidiwa, maombi yatakuwa mengi kuliko viti. Inawezekana. Lakini heri nimwambie mtu uso kwa uso "viti vimekwisha, jina lako ni la tatu, tutakupigia", kuliko kumwacha mtu ambebe mama yake miezi minne huku nikijivunia kwamba hatupendi makuu. Na orodha ya watu thelathini wanaosubiri ingekuwa na nguvu kwa wafadhili kuliko hotuba zetu zote. Leo mfadhili akiuliza mahitaji ni kiasi gani, tunamwonyesha viti visivyotumika.

Sikungoja hoja irudi. Niliandika karatasi kwa mkono, kwa kalamu nene, nikaweka namba yangu mwenyewe, nikaomba ruhusa kwa muuguzi wa zamu, nikaibandika pale ngazini. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano asubuhi alipiga baba mmoja, mtoto wake amevunjika paja. Jumamosi akapiga dada anayemuuguza shangazi yake, sauti ya chini kama anaogopa kukataliwa, akaniuliza mara mbili kama kweli ni bure.

Stoo sasa imebaki turubai. Mkutano ni Alhamisi, na nitasimama tena na hoja yangu mbele ya mzee wangu yule yule. Karatasi sitaibandua.