Gesi Imekwisha, Bosi

Kwenye nguzo ya umeme, kati ya tangazo la mganga anayerudisha mpenzi na la yule anayeondoa mikosi ya biashara, limebandikwa jipya: FUNDI AC, SERVISI 15,000 TU. Mganga angalau anatosheka na kuku mweusi.

Februari ya Dar haina haja ya kusimuliwa. Saa nane usiku shuka limelowa, LUKU imebaki yuniti nne, na kiyoyozi kinapuliza pumzi ya mtu aliyeshindia dagaa. Hapo ndipo utu uzima unapomwisha mtu, akatoka na tochi ya simu kwenda kunakili namba kwenye nguzo.

Fundi huja na dogo mmoja na bisibisi moja. Ngazi anaazima kwako. Anasimama chini ya mashine, anatikisa kichwa kama daktari mwenye majibu mabaya, kisha huyo, moja kwa moja hadi nje. Anafunga geji ya kupimia presha kwenye vali ya bomba nene, anaita: "Bosi, njoo ujionee mwenyewe." Bosi anatoka na msuli wake kiunoni, anainamia saa yenye namba za rangi tatu asizozielewa, anaguna "mmh" kama aliyesomea.

"Unauona mshale? Gesi imekwisha. Elfu themanini tu, kwa kuwa ni wewe."

Imekwisha imekwenda wapi? Hii si gesi ya kuchemshia maharage. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, hailiwi wala haichomwi. Ikipungua, pana tundu, na kujaza bila kuziba ni kuchotea maji kwenye tenga. Mara nyingi huvujia kwenye nati za maungio ya shaba. Utaona doa la mafuta lililonasa vumbi, na ukipaka povu la sabuni ya vyombo, viputo vitachomoza. Sabuni hiyo ipo jikoni kwako. Haiombi.

Na mshale wenyewe, masikini, hausemi uongo. Filta na koili ya ndani, yale mabomba yenye mapezi yanayopoza hewa, zikiziba, hewa haipiti vya kutosha, koili inapoa kupita kiasi hata kuganda barafu, na presha ya upande wa kunyonya, yaani lile bomba nene, inashuka. Geji inasoma chini na gesi ipo yote! Ndiyo maana fundi huwa na haraka ya kupima kabla ya kuosha. Osha kwanza, washa dakika 15, ndipo ufunge geji. Kwa mashine isiyo ya inverta, ile isiyojipunguzia kasi yenyewe, ikiwa inanguruma, gesi aina ya R410A ikisoma presha kati ya psi 110 na 150, au R22 ya zamani 60 hadi 80, mwambie afunge begi lake. Akishindilia gesi kwenye mashine chafu, siku itakapooshwa itakuwa imezidi: kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi, inahema, LUKU inakimbia, na yeye anarudi kukuuzia kompresa.

Kama kweli imevuja, kazi inajulikana. Gesi iliyobaki inatolewa, tundu linazibwa, pampu inavuta hewa na unyevu wote, kisha gesi inajazwa kwa mzani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibao cha mashine ya nje. Muulize mzani uko wapi. Atakutazama kana kwamba umemdai kadi ya kliniki. Aina ya gesi nayo imeandikwa papo hapo, lakini kwake "gesi ni gesi tu, bosi."

Akisema kapasita, kile kikopo cha kuipa mota nguvu ya kuanza, imekufa, aipime mbele yako. Uwezo wake, kwa maikrofaradi, umeandikwa ubavuni, na ile ya zamani inabaki kwako.

Tindikali kwenye koili, mfukuze. Mapezi yale ni alumini, na chumvi ya bahari peke yake inayatosha.

Sasa hiyo servisi ya 15,000! Anachomoa filta, anaigonga kwenye ukuta wako uliopakwa rangi sikukuu, anairudisha, anapulizia manukato. Kwaheri. Filta hata mtoto wa darasa la nne anaiosha bombani kila wiki mbili! Kuosha ni kuzima umeme ukutani, kufunika sakiti, kufunga mfuko mkubwa chini ya mashine, kisha kupitisha maji ya pampu kwenye koili na lile pipa refu la feni. Mulika tochi kwenye mdomo wa mashine: ukiona ukungu mweusi kwenye vibapa vya pipa, hakuna kilichooshwa. Maji ya kwanza yanapaswa kutoka kama kahawa ya kijiweni. Mwisho, kipimajoto: hewa inayotoka iwe baridi kuliko inayoingia kwa nyuzi 8 hadi 12. Hapo ndipo pochi inafunguliwa.

Wengine wamechoka, wamerudi kwenye feni. Feni haina gesi, sawa. Ila ile ya kusimama ya Kariakoo, kile kitufe cha mgongoni cha kuzungusha shingo hukatika wiki ya pili, shingo ikakakamaa kuelekea mlangoni. Wenye nyumba mnatota jasho kwenye makochi, anayepozwa ni mdai kodi aliyesimama kizingitini, na kwa upepo ule hana haraka ya kuondoka.